Mashine Zilizoanza na Hesabu: Namna Kazi za Dar es Salaam Zinavyobadilika

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayepokea robota la mitumba bado humwita mbeba mizigo alibebe mgongoni au alisukume kwa mkokoteni katikati ya msongamano wa Mtaa wa Kongo, kama mizigo ilivyobebwa hapo tangu zamani. Malipo ya robota hilohilo, kwa upande mwingine, hayapiti mkononi mwa mtu yeyote: yametumwa kwa simu, yamekatwa makato na mfumo, na yameacha kumbukumbu ambayo hakuna anayeweza kuifuta kwa kalamu. Mzigo mzito umebaki kwa binadamu, na hesabu imekwenda kwa mashine. Anayeijua habari ya mashine na ajira kwa picha za viwanda vya magari vya Ujapani au Ujerumani, ambako mikono ya chuma huchomelea bodi za magari bila kupumzika, anaweza kudhani kwamba Dar es Salaam bado haijaguswa. Imeguswa siku nyingi, ila kwa kupitia mlango mwingine.

Sababu yake si ngumu kuieleza. Mwenye kiwanda wa Ujerumani hununua roboti kwa kuwa saa moja ya fundi wake ni ghali. Hapa kwetu msuli ni rahisi. Mbeba mizigo hahitaji dizeli wala spea, na siku ambayo hakuna mzigo halipwi kitu. Kilicho ghali ni kujua fedha imekwenda wapi. Mwenye daladala anayelala Tabata hawezi kujua konda wake amekusanya kiasi gani kati ya Gongo la Mboto na Mnazi Mmoja, ndiyo maana yakazuka makubaliano ya “hesabu”, yaani kiasi maalumu kinachopelekwa kwa tajiri kila jioni, gari lipate abiria au likose. Shirika la umeme, TANESCO, lilikuwa likiuza umeme kwanza na kudai baadaye. Mamlaka ya Mapato ilitegemea kile ambacho muuza duka aliamua kukiandika. Ukiifuata mifumo iliyotangulia kuingia mjini, utaikuta yote imesimama penye matundu hayo: mita za LUKU, za umeme wa kulipia kabla, tangu miaka ya 1990, mashine za kutolea risiti za EFD kuanzia 2010, na kontro namba, yaani namba ya kumbukumbu ya kila malipo ya serikali, kuanzia 2017.

Kabla ya kwenda mbele, kuna fundo moja la kifikra linalopaswa kufunguliwa, kwa sababu ndilo linalofanya mijadala mingi ya mashine na ajira iishie kwenye hofu tupu au matumaini matupu. Mwaka 2013 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Oxford, Carl Benedikt Frey na Michael Osborne, walikadiria kwamba asilimia 47 ya ajira za Marekani zilikuwa katika hatari kubwa ya kuchukuliwa na kompyuta. Takwimu hiyo ilizunguka dunia nzima. Miaka mitatu baadaye, uchunguzi mwingine uliofanywa chini ya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi zikiwa tajiri, ulitoa wastani wa asilimia 9 kwa nchi wanachama wake. Tofauti hiyo kubwa haikutokana na mashine kudhoofika ndani ya miaka mitatu. Wa kwanza waliitazama kazi kama kitu kimoja kinachochukuliwa chote au kuachwa chote. Wa pili waliigawa katika shughuli zinazoijenga na kuuliza ni zipi ambazo mashine inaziweza. Karani wa ofisi huchapa, huhesabu, huhifadhi mafaili, humtuliza mteja aliyekasirika, na hujua ni bosi gani wa kufuatwa asubuhi na yupi wa kufuatwa baada ya chakula cha mchana. Kompyuta inaweza mambo matatu ya kwanza. Mengine mawili hayamo hata kwenye mkataba wake wa kazi.

Kwa hiyo swali la “mashine itachukua kazi yangu?” lina upungufu tangu linapoulizwa. Mashine huchukua shughuli fulani ndani ya kazi, kisha yanabaki maswali mawili yenye uzito zaidi: shughuli iliyochukuliwa ilikuwa imebeba nini, na zilizobaki zinafanywa na nani kwa malipo gani.

Mfano wa LUKU unaonyesha jambo hilo waziwazi. Zamani alikuwapo msoma mita aliyepita nyumba kwa nyumba na daftari lake, wakawapo waandika ankara, wasambazaji wa ankara, makarani wa madirishani na mafundi wa kukata umeme wa wasiolipa. LUKU ilizifuta shughuli hizo karibu zote kwa kugeuza utaratibu: lipa kwanza, tumia baadaye. Hata hivyo, kazi haikuyeyuka yote. Sehemu yake ilihamia kwa mteja, ambaye leo hujinunulia umeme mwenyewe usiku wa manane na kuingiza tarakimu 20 kwenye mita kwa kidole chake. Hilo lilionekana vizuri mwaka 2024, mita za aina hiyo duniani kote zilipohitaji kuboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba, kwa kuwa utaratibu wa kuhesabu muda uliowekwa ndani yake ulikuwa unafikia ukomo. Kwa utaratibu wa zamani zingehitajika timu za mafundi kupita kila nyumba kwa miezi. Badala yake mteja alipokea makundi ya ziada ya tarakimu, akayaingiza moja baada ya jingine mbele ya mita, na wale wasioona vizuri wakaita mtoto wa jirani. Mji mzima ulifanya kazi ya fundi bila malipo, na wengi hawakuhesabu kwamba wamefanya kazi. Silalamikii utaratibu wenyewe, maana hakuna anayetamani kurudi kwenye foleni za ankara. Nasema tu kwamba tunapohesabu gharama iliyookolewa na shirika, dakika za mteja nazo ni gharama.

Kazi nyingine haihamii kwa mteja wala haipotei, bali inabadilisha mwajiri, na mara nyingi inapoteza mwajiri kabisa. Hapo ndipo alipo wakala wa fedha kwa simu.

Historia ya benki inatoa msingi mzuri wa kumwelewa. Mashine ya kutolea fedha ya benki ya Barclays ilipozinduliwa Enfield, London, mwaka 1967, wengi wangeweza kutabiri kifo cha karani wa dirishani. Mchumi James Bessen ameonyesha kwamba nchini Marekani mambo yalikwenda kinyume: kati ya 1988 na 2004 tawi la kawaida la mjini lilipunguza makarani kutoka 20 hivi hadi 13, lakini kwa kuwa kuendesha tawi kulikuwa nafuu zaidi, benki zilifungua matawi mengi zaidi, na jumla ya makarani haikuporomoka. Mfano huo hupendwa sana na wenye matumaini. Wanachokisahau ni kwamba ulitegemea tawi kuendelea kuwa mahali pa kupatia huduma. Simu ya mkononi ililiondoa sharti hilo. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, mitandao mingine ikafuata, na kuanzia 2013 benki zenyewe zikaruhusiwa kutumia mawakala. Karani hakuondolewa na mashine iliyokaa kwenye kiti chake. Mteja ndiye aliyeacha kwenda kwenye dirisha lake.

Mtazame wakala wa Manzese au Buguruni akiwa kazini. Ana meza, mwavuli, simu ndogo za batani mojamoja kwa kila laini, na daftari lililopigwa mistari kwa rula: tarehe, jina, namba, kiasi, sahihi. Mtaji wake uko sehemu mbili, floti, yaani salio la ndani ya simu, na keshi ndani ya droo, na ufundi wote wa kazi uko katika kuzuia upande mmoja usikauke. Mwisho wa mwezi kila mtu anatoa. Keshi inakwisha saa nne asubuhi, floti inafurika, na wakala analazimika kufunga meza ili akimbilie benki au kwa wakala mkuu, huku mteja aliyekuwa wa tatu kwenye foleni akihamia mwavuli wa jirani. Mwanzo wa muhula wa shule ni kinyume chake. Juu ya hayo yapo macho ya vibaka wanaojua kwamba droo ile ina fedha, na zipo meseji za uongo zinazofanana na za kweli herufi kwa herufi. Kamisheni hukokotolewa na mfumo kwa jedwali ambalo wakala hakushirikishwa kulipanga. Tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021 na watu wakapunguza kutuma fedha, hadi serikali ikaishusha kwa awamu, pigo la kwanza liliangukia meza hizo.

Ukihesabu vichwa, teknolojia hii imeongeza ajira, tena kwa wingi ambao hakuna benki ingeweza kuufikia. Ukihesabu masharti ya ajira, picha inageuka. Karani alikuwa na mshahara, likizo, bima na mchango wa hifadhi ya jamii wa NSSF, na droo yake ikipungua kulikuwa na utaratibu wa ofisi wa kulishughulikia. Wakala ana kamisheni, na kila hasara ni yake. Kwa maoni yangu hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote mjini, na linajificha kwa sababu hakuna siku ambayo watu mia walifukuzwa kazi mbele ya kamera.

Kuna mji mwingine mdogo unaoishi kwenye pengo kati ya mfumo na mwananchi. Maombi ya mikopo ya elimu ya juu, maombi ya ajira serikalini na fomu nyingi za taasisi yalipohamia mtandaoni, lengo lilikuwa kuondoa watu wa kati. Matokeo yake, steshenari za Mwenge, Ubungo na kando ya vyuo ziligeuka ofisi za kujaza fomu. Kijana aliyekuwa akiishi kwa kuchapa barua na kutoa fotokopi leo anajua ni ukubwa gani wa picha ambao mfumo unaukubali, cheti kiskaniwe vipi, na nenosiri lililosahauliwa hurejeshwa kwa njia gani. Mwombaji anayetoka Mbagala na bahasha ya vyeti humlipa yeye, si kwa sababu hajui kusoma, ila kwa sababu kosa moja kwenye fomu linaweza kumgharimu mwaka mzima. Mfumo uliokuja kumwondoa dalali umezaa dalali mwenye kompyuta, na nisingependa kumdharau, maana kazi yake ni halali na ina manufaa.

Si kila mahali mji umekwepa mashine ya kunyanyua. Bandarini ilifika mapema. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam walikuwa watu wenye nguvu ya aina mbili: ya mabega, na ya kusimamisha mji. Mgomo wao wa Septemba 1947 ulienea nje ya bandari na kufuata reli hadi bara, na waajiri wakalazimika kuwasikiliza watu ambao hadi hapo walikuwa vibarua wa siku kwa siku. Nguvu hiyo ilitokana na namna mzigo ulivyosafiri: magunia, mapipa na makasha yaliyopaswa kushikwa moja baada ya jingine, meli ikisubiri. Kisha tarehe 26 Aprili 1956 mfanyabiashara wa Marekani, Malcom McLean, alisafirisha makontena 58 kwa meli ya Ideal X kutoka Newark hadi Houston. Kwa makadirio yanayonukuliwa mara nyingi, gharama ya kupakia tani moja ilishuka kutoka dola 5.86 hadi senti 16. Kontena lenyewe ni sanduku la chuma lisilojiendesha hata kidogo, lakini liliufanya mzigo wote wa dunia uwe na umbo moja, na kitu chenye umbo moja ndicho ambacho mashine hukipenda.

Mabadiliko hayo yalipokomaa hapa kwetu, kreni moja na madereva wachache walifanya kazi ya magenge mengi ya makuli. Kitengo cha makontena kilikabidhiwa kampuni binafsi mwaka 2000, na mkataba wa kampuni ya DP World ya Dubai uliosainiwa Oktoba 2023 ulipata utetezi kwa hoja ya kasi: meli zikae nangani siku chache, mifumo isomane, mapato yaongezeke. Hoja hiyo ina mashiko, kwa kuwa kila siku ya meli kusubiri hulipwa mwishowe na mnunuzi wa sukari wa Lubumbashi au wa Tandika. Ila kasi ya bandari na ajira ya bandari ni vitu viwili, na wanaovizungumza kwa pumzi moja huwachanganya wasikilizaji. Ajira inayokuja na kasi hiyo inakuja nje ya geti: malori, gereji, maegesho, mawakala wa forodha, mama lishe wa Kurasini. Inakuja kwa watu wengine, wenye ujuzi mwingine, na mara nyingi baada ya miaka.

Tofauti hiyo inastahili kuangaliwa kwa makini kwa sababu si kila mashine inaleta hata hiyo neema ya baadaye. Wachumi Daron Acemoglu na Pascual Restrepo wamezungumzia mashine za wastani tu: zinazotosha kumwondoa mfanyakazi lakini hazina tija kubwa ya kushusha bei au kuzaa kazi mpya kwingine. Simu ya huduma kwa wateja inayokuzungusha kutoka “bonyeza moja” hadi “bonyeza tisa”, kisha ikakatika, ni ya kundi hilo; kampuni imepunguza mishahara, mteja amepoteza muda, na hakuna kilichokuwa nafuu. Kontena ni la kundi jingine kabisa. Mtu anayesifu au kulaani “teknolojia” kwa ujumla wake anavitia kapu moja vitu hivyo viwili.

Sheria zetu nazo hazijakaa katikati kama zinavyodhaniwa. Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi inayokokotolewa kwa jumla ya mishahara, anachangia hifadhi ya jamii na mfuko wa fidia; kila mtu anayemwongeza anaongeza makato. Akinunua mashine ya kiwandani, sheria ya kodi ya mapato inamruhusu kuondoa gharama yake kwenye faida inayotozwa kodi, tena kwa sehemu kubwa mwaka wa kwanza. Nia ilikuwa kuvutia viwanda, na ni nia njema, lakini mhasibu mwenye akili timamu anajua mizani imeinamia wapi. Kwa aliyeajiriwa rasmi ipo kinga fulani: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu kwa sababu za kiuendeshaji, teknolojia ikiwemo, atoe taarifa, aeleze sababu na kushauriana kwanza, na kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka wa utumishi, usiozidi miaka 10. Yaani siku 70 kwa aliyetumikia muongo mzima. Wakala, mbeba mizigo na deiwaka, yaani kibarua wa siku kwenye daladala, hawana hata hizo.

Madereva wa teksi mtandao walilionja pengo hilo. Uber ilipoingia Dar es Salaam mwaka 2016, dereva alipata abiria bila kukaa kijiweni; programu ilichukua shughuli ya kutafuta mteja na ya kupatana bei, ikamwachia usukani, mafuta, tairi na faini za trafiki. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, iliweka ukomo wa asilimia 15 kwa kamisheni ya kampuni hizo, Uber ikasimamisha huduma mwezi Aprili, na ilirejea mwanzoni mwa 2023 baada ya ukomo kupandishwa hadi asilimia 25. Wengi waliusoma ule kama ugomvi wa nauli. Ulikuwa ugomvi kuhusu nani achukue faida ya mashine, kati ya aliye barabarani Sinza na aliye ng’ambo, na asilimia 10 zilizogombewa ni fedha ambazo zingetumika kwa muosha magari na kwa muuza supu wa hapahapa.

Sasa macho yameelekezwa kwenye daladala. Kivuko cha Kigamboni kimeshahamia kwenye kadi na mageti, na mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, ulioanza kazi mwaka 2016 ukakaa miaka mingi na tiketi za karatasi zinazochanwa mlangoni, umekuwa ukielekea huko. Konda wa daladala huita abiria, hupanga watu, hugonga bodi kumwashiria dereva, hubishana na mwanafunzi kuhusu nauli, humshika mkono bibi anayeshuka Tazara. Kadi haiwezi hata moja kati ya hayo. Inaweza kukusanya nauli tu. Tatizo ni kwamba konda halipwi kwa kumshika bibi mkono. Shughuli ndogo kuliko zote kwa jasho ndiyo iliyobeba riziki yake, na ikiondoka, nyingine zote zitabaki zikihitajika bila mtu wa kuzilipia.

Hata hivyo, kadi hiyohiyo ina upande ambao matajiri wa magari hawautaji sana. Madereva walipogoma mwaka 2015, mojawapo ya madai yao ilikuwa mikataba ya ajira, na jibu la siku zote la wenye magari limekuwa kwamba mapato ya daladala hayajulikani, kwa hiyo mshahara hauwezi kupangwa. Siku nauli zote zitakapopita kwenye mfumo, mapato ya kila gari kwa kila safari yatajulikana kwa shilingi, na sababu ya kumlipa dereva na konda kwa “hesabu” badala ya mshahara itakuwa imekwisha. Kitakachobaki kuamuliwa ni nani atakayeruhusiwa kuziona kumbukumbu hizo: tajiri na mamlaka peke yao, au na waliokuwa ndani ya gari pia.